Mwezi wa Filamu na Gari la Mwisho

Andiko la mradi wa ukumbi wa filamu kwa kawaida huanza na hesabu ya viti. Baada ya viti huja pazia jeupe, mashine ya kuoneshea, viyoyozi, kisha ahadi yenyewe: kila mwaka, mwezi mzima wa filamu za Ulaya, wiki ya Wafaransa, wiki ya Wajerumani, Waitalia na Wahispania wakifuatia. Kwa kisiwa cha Pemba, ambacho sensa ya 2022 ilikikuta na watu zaidi ya laki tano, si ombi kubwa. Wete na Chake Chake ziliwahi kuwa na majumba ya sinema, na enzi za ukoloni gari la sinema lilizunguka mashamba, watu wakakaa chini uwanjani kutazama. Mpemba harudi kwenye ukumbi kama mgeni.

Ugumu huanzia kwenye kalenda. Tarehe hupangwa kufuata mwaka wa fedha wa mfadhili, na mwezi wa filamu huwekwa pale wageni wanapoweza kusafiri. Kisiwani kuna kalenda nyingine. Msimu wa karafuu ukichanganya, mchana watu wako juu ya mikarafuu na jioni nyumba nzima imekaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Jioni hiyo ndiyo ambayo mpango uliihesabu kuwa ya watazamaji. Ramadhani nayo husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa mwaka wa kwanza huweza kuingia ndani ya mfungo mwaka wa tatu. Haya yote yanajulikana mapema. Kuyaandika kwenye mpango hakugharimu chochote, ila lazima aulizwe anayeyajua.

Ujenzi huenda haraka mwanzoni. Msingi, kuta na paa huonekana, hupigwa picha, huingia kwenye ripoti. Kisha mwendo hupungua. Saruji na nondo huvuka bahari, na hali ya bahari ikichafuka mafundi hukaa wakisubiri, ilhali mlinzi na kodi ya vifaa vinaendelea kulipwa. Umeme umekuwa ukivushwa kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, lakini mashine ya kuoneshea filamu haivumilii umeme unaopanda na kushuka. Hapo huongezwa jenereta na stabilaiza ambazo mchanganuo wa gharama haukuzitaja. Hewa ya chumvi hula vyuma na viunganishi vya waya. Shilingi ikishuka dhidi ya euro, kifaa kilekile huwa ghali zaidi kabla hakijapakiwa melini. Na haki ya kuonesha filamu hulipiwa kwa siku maalumu: ukumbi ukichelewa, siku hupita, malipo huanza upya. Sioni ubadhirifu katika orodha hiyo. Sehemu kubwa ya nyongeza hutokana na kuchelewa kwenyewe.

Lakini si lazima kazi ichelewe: jumba la sinema lililofunguliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1921 liliungua 1954, na mwaka uliofuata jipya likawa limesimama mahali pake. Naamini tiketi ndizo zilizosukuma kazi ile, kwa kuwa kila usiku wa giza ulikuwa hasara ya mwenye jumba. Katika miradi ya ufadhili tarehe yenye nguvu zaidi huwa ya uzinduzi, na utepe ukishakatwa hakuna siku nyingine inayombana mtu.

Ndiyo maana vinavyobaki bila kukamilika hufanana. Njia ya kiti cha magurudumu huachwa kuwa ngazi tatu. Choo cha wanawake hungoja fungu la pili. Fundi wa mashine hufundishwa mmoja tu, naye akipata kazi Dar es Salaam ukumbi hubaki na kifaa kisicho na mwenyewe. Kikubwa kwangu ni lugha. Filamu ya Kifini au ya Kireno hufika ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na mzee wa Micheweni aliyelipa nauli kuja kuitazama huambulia picha peke yake. Mabanda ya video yalishalitatua jambo hili zamani kwa kumweka mtu wa kusimulia kwa Kiswahili filamu ikiendelea. Maandishi ya Kiswahili ni kazi ya siku chache za mfasiri mzuri, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kiyoyozi. Hata hivyo ni nadra kuwa na mstari wake kwenye bajeti.

Tukubali ukumbi uko Chake Chake, kila kitu kimekamilika, na filamu inaanza saa mbili na nusu usiku, watu wakishasali Isha. Inakwisha saa nne na nusu. Daladala za njia za mbali zimeshalala. Wa Chake atatembea. Mwanamke aliyetoka Konde na wanawe hatakuja usiku wa pili, na wa Kojani anahitaji gari na kisha mtumbwi. Kukodi gari mbili kwa mwezi mmoja, moja ielekee Konde kwa njia ya Wete na nyingine Mkoani, ni kazi ya kuanza kupanga siku ileile vinapohesabiwa viti.