Malka isiyopimwa huliwa na shamba

Kiangazi kinapokaza katika Kaunti ya Tana River, ng'ombe wa Waorma na Wawardei huacha malisho ya nyanda kavu na kuelekea mtoni. Ng'ombe aliyekaa siku mbili bila maji anaweza kunywa zaidi ya lita 30, na kundi lenye kiu halina subira. Kati ya kundi hilo na maji pana mashamba ya Wapokomo: mpunga, mahindi, migomba, miembe. Malka ni njia inayopenya katikati ya mashamba hayo hadi ukingoni. Nayo si ya ng'ombe tu. Wanawake wanaoteka maji hupita humo, wanafunzi hupita, bodaboda hupita, na anayetaka kuvuka kwa mtumbwi hupita hapo hapo.

Zamani masharti ya kupita yalishikwa na wazee: Gasa kwa upande wa Wapokomo, Matadeda kwa upande wa Waorma. Kundi liliingia mashambani baada ya mavuno, likala mabua, likaacha samadi. Ugomvi ulikuwapo, ila ulikuwa na pa kupelekwa. Kisha mambo yakabadilika juu na chini ya mto. Mabwawa kama Masinga, lililokamilika mwaka 1981, yalipunguza mafuriko yaliyorutubisha bonde. Miradi ya umwagiliaji ilichukua sehemu ya ardhi. Mathenge, mti ulioletwa Hola na Bura miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukasambaa na kuziba njia kwa miiba yake.

Hata hivyo, malka nyingi hazifungwi kwa siku moja. Mkulima huongeza matuta machache msimu huu, na jirani yake huongeza msimu ujao. Njia ikibana, ng'ombe wanaosukumana hukanyaga mazao ya kando. Aliyepata hasara huweka ua wa miiba, na njia hubana zaidi. Mkulima huyo ana haki ya kulalamika, kwa maana mahindi yale ndiyo chakula cha watoto wake. Lakini shamba moja katikati linatosha kuua malka nzima, hata kilomita zote zilizobaki zikiwa wazi. Wenyeji wa Garsen wanajua ugomvi wa namna hii unaweza kufika wapi. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema mwaka 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, na zaidi ya 50 kati yao walikufa katika kijiji cha Riketa kwa siku moja. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, ila malisho na maji ndiyo yaliyokuwa kuni za moto ule.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii iliyosajiliwa, kupitia mkutano wake na kamati ya watu 7 hadi 15, kupanga matumizi ya ardhi yake na kuweka masharti ya malisho. Ninachokihofia ni usajili wa kila upande kivyake. Malka hukatiza ardhi ya huyu na ya yule. Ikiandikwa ndani ya hati ya jamii moja, jamii ya pili huwa mgeni kwenye njia iliyopitwa na babu zao. Kwa hiyo iandikwe kuwa haki ya njia, katika kanuni za jamii zote mbili kwa maneno yale yale. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hutambua haki ya njia iliyokuwapo wakati wa usajili wa kwanza hata isipoonekana kwenye daftari. Hiyo ni kinga, lakini kuithibitisha mahakamani huchukua miaka, na ng'ombe hangoji hata wiki.

Kanuni hizo ziseme nini? Kwanza upana. Upimwe wakati wa kiangazi, makundi yakiwa yanapita, na utoshe kundi linalokwenda kupishana na linalorudi. Mpima ardhi akija masika ataona kijia cha miguu na kuchora kijia. Pia iandikwe nani atafyeka mathenge, na nani atakagua mazao yaliyoliwa kabla ushahidi haujaoza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mto wenyewe. Tana huhama mkondo, na vigingi vilivyowekwa ukingoni leo vinaweza kesho kumfikisha mfugaji kwenye mfereji mkavu. Makubaliano yatamke kwamba malka huishia kwenye maji, popote maji yalipo, na kwamba mwenye shamba litakalokatwa na njia mpya atafidiwa kwa utaratibu uliokubaliwa mapema, kabla ya mafuriko.

Na vikao vya kuchora ramani visiwe vya wazee wanaume peke yao. Anayeteka maji kila siku anajua ni wapi ng'ombe na mitungi hukutana, na ni tuta lipi limesogea tangu mwaka jana. Aitwe kabla ya kigingi cha kwanza kuchimbiwa.