Je, wajua? Kifaranga wa bukini huanza maisha kwa kujirusha

Mgeni akifika Ziwa Naivasha huulizia kiboko na furukombe. Bata bukini wa Misri, yule mwenye doa la hudhurungi kuzunguka jicho, hana wa kumtazama kwa sababu amejaa kila mahali. Hasara ni ya mgeni.

Bukini hutaga penye majani marefu, ndani ya tundu la mti, au juu ya kiota cha zamani cha fundichuma, lile rundo la vijiti linaloweza kubeba mtu mzima. Jike hutaga yai mojamoja, lakini haanzi kuatamia mpaka mayai yote yatimie. Ndiyo maana yai la kwanza na la mwisho huanguliwa karibu pamoja, baada ya siku 28 hadi 30. Kabla ya kutoka, kifaranga huwa amefyonza kiini kilichobaki ndani ya yai. Akiba hiyo humwezesha kushinda bila kula, akingoja wenzake wakauke.

Kisha, kiota kikiwa juu ya mti, mama hushuka chini na kuwaita. Mmoja husogea ukingoni, husita, hurudi nyuma, halafu hujiachia. Mabawa yake bado ni vibanzi tu; kinachomwokoa ni wepesi wake na manyoya laini yanayokamata hewa. Hudunda nyasini kama mpira wa makaratasi, hujikung'uta, humkimbilia mama. Wanaosimulia kwamba mama huwashusha mgongoni hawajawahi kukaa chini ya mti huo wakasubiri.

Dume naye analea: hutanua mabawa na kumfukuza yeyote, hata bukini wenzake. Ila wazazi hawalishi. Vifaranga hujitafutia majani na wadudu wenyewe, mpaka waruke wakiwa na siku 70 hivi. Kwa hiyo ukimwona mmoja peke yake usimwokote ukidhani ni yatima. Mara nyingi wazazi wako karibu.

Kinachoniudhi ni boti. Ziwa hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 1995, lakini bado wapo manahodha wanaopitisha injini katikati ya familia ili abiria apate picha. Vifaranga hutawanyika, na furukombe yuko palepale juu ya mgunga. Mafunjo ya kujificha nayo yanafyekwa.



Ukipanda boti, mwambie nahodha azime injini mapema na akae mbali. Nauli unalipa wewe.