Bloa ikigoma na mikorosho imeshatoa maua

WAKULIMA wa korosho wa Mchukwi na vijiji vya jirani wilayani Kibiti wanaijua vizuri adha hii. Ni alfajiri, umande bado uko kwenye majani, upepo umetulia na salfa iko tayari. Kijana anavuta kamba ya bloa mara kumi, mara ishirini, mashine inakohoa na kunyamaza. Jua likipanda upepo unaanza, na kazi ya siku hiyo imekwisha.

Jembe likivunjika mpini mtu anaweza kungoja kesho. Ua la mkorosho halingoji. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaofanana na unga, hushambulia majani machanga na maua, na ua lililoshikwa hukauka bila kufunga korosho. Ndiyo maana salfa huanza kupulizwa mara maua yanapochomoza, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, mara nne hadi tano, kiasi cha gramu 250 kwa mti kila raundi. Mashine ikilala kwa fundi siku kumi na nne, raundi nzima imepotea, na hasara yake utaiona kwenye mizani ya chama cha ushirika wakati wa mavuno.

Wazee wanakumbuka ugonjwa huu ulivyoumiza. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia tani 145,000 msimu wa 1973/1974, ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/1987. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao na bei isiyovutia, lakini ubwiriunga ulikuwa na sehemu yake kubwa. Zao lilipoanza kuinuka, salfa na mashine ya kuipulizia vilikuwa miongoni mwa vilivyoliinua.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Bloa ni feni inayozungushwa na injini ndogo ya petroli, basi. Ni ndugu wa ile mashine ya kuvuta vumbi inayotumika mahotelini Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ile inavuta na hii inapuliza. Zote mbili zinaishi kwa hewa, na zote mbili zinauawa na vumbi lile lile zinalofanyia kazi. Mhudumu wa hoteli anajua kwamba mashine ikipoteza nguvu, kwanza unafungua chujio. Mkulima wetu mara nyingi anakimbilia kufungua kabureta.

Anza na chujio la hewa. Sponji yake hujaa salfa baada ya asubuhi chache tu, injini inakosa pumzi, inatoa moshi mwingi na kuishiwa nguvu. Ioshe kwa maji na sabuni, ikaushe kabisa, uirudishe. Wapo wanaoitupa sponji ili mashine "ipumue vizuri". Hao wanaiua kwa mikono yao, kwa sababu vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kula ringi za pistoni.

Kama mashine haiwaki kabisa, hakikisha kwanza swichi haijazimwa (usicheke, hutokea), halafu fungua plagi. Plagi iliyolowa petroli inakuambia mafuta yamezidi, pengine choki imefungwa muda mrefu. Funga koki ya mafuta, ikaushe plagi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha irudishe. Plagi kavu inasema mafuta hayafiki: angalia koki, chujio dogo la ndani ya tangi na mpira wa mafuta. Ikiwa mashine inawaka na kuzimika baada ya dakika chache, legeza kidogo kifuniko cha tangi la petroli. Ikiendelea kunguruma, tatizo ni kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na sindano inatosha kukizibua.

Injini inanguruma vizuri lakini salfa haitoki? Hapo injini haina kosa. Salfa iliyopata unyevu huganda mabonge, hivyo ichekeche kabla ya kuijaza. Tazama pia raba ya mfuniko wa tangi la dawa, maana hewa ya feni ndiyo inayosukuma dawa kutoka humo, na raba ikipasuka hewa yote inatorokea juu. Na kagua wavu wa nyuma ya feni. Jani moja la mkorosho likinata pale linaweza kupunguza sana nguvu ya upepo.

Mafuta ndiyo yanayoharibu bloa nyingi. Aina nyingi zina injini ya tutaim, ambayo haina oili yake ya pembeni. Oili huchanganywa na petroli. Baadhi ya mashine hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 200 kwa lita tano. Nyingine hutaka moja kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita hizo hizo. Kitabu cha mashine kinasema ipi ni ipi. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ya soda ni kamari: oili ikipungua pistoni inakwama, ikizidi ekzosi inaziba kwa masizi. Ukivuta kamba ukaiona laini, haina upinzani, ringi zimekwisha. Hapo piga hesabu ya pistoni na silinda mpya kabla ya kumwachia fundi fedha yoyote.

Jambo moja halitakiwi kusubiri fundi. Salfa inashika moto. Vumbi lake likipita kwenye bomba la plastiki huzalisha umeme wa msuguano, na ndiyo sababu mashine nyingine huja na mnyororo au waya mwembamba wa kugusa ardhi. Watu huukata wakidhani ni pambo. Uache. Usivute sigara karibu, usijaze petroli injini ikiwa ya moto, usijaribu cheche ya plagi penye salfa au petroli, na futa salfa iliyomwagikia ekzosi. Miwani na barakoa ni lazima, kwani salfa huchoma macho na koo, na mbebaji yuko chini ya mti ule ule anaoupulizia.

Kwa anayetaka kununua, maoni ya mwandishi huyu ni kwamba jina la mashine lije nyuma ya vipuri. Kuna za Kijerumani kama Stihl na Solo, kuna Maruyama ya Japani, na kuna za Kichina za bei nafuu. Kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji akuonyeshe dukani plagi, kamba ya kuwashia, gasketi za kabureta na ringi za mashine hiyo hiyo. Kama hana, na Kibiti hazipo, kila ubovu mdogo utakupeleka Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kupuliza. Mashine nafuu ambayo fundi wa pikipiki wa jirani anaijua itakufaa kuliko ya fahari anayoishangaa.

Hakikisha pia kwamba ndani ya boksi mna vifaa vya dawa ya unga. Baadhi huuzwa kwa ajili ya dawa ya maji tu, na mtu huligundua hilo akiwa shambani. Mwambie muuzaji aiwashe, uelekeze bomba juu, uone upepo unafika wapi. Mikorosho mikongwe ya Pwani ni mirefu na imesongamana. Ivae mgongoni ikiwa na mzigo, kwa maana kilo kumi na zaidi za chuma zikiongezewa salfa si mchezo kwa mtu anayetembea mti hadi mti.

Mwenye miti 50 anahitaji kilo 12.5 za salfa kwa raundi, kazi ya asubuhi moja au mbili. Huyo afikirie kununua na jirani zake wawili au watatu, wakipanga zamu mapema na kumteua mtu mmoja wa kuitunza. Raundi ya mwisho ikiisha, mtunzaji amwage petroli yote, aiache injini iunguze iliyobaki kwenye kabureta hadi izimike yenyewe, aifute salfa, kisha aitundike mahali pakavu hadi maua ya mwakani.