Anwani za Duka la Mtandaoni ni Mali

Mwenye duka la mtandaoni ahamishapo biashara yake kutoka programu moja kwenda nyingine, aghalabu fikira zake hushughulika na yale yaonekanayo kwa macho, yaani rangi za kurasa, picha za bidhaa na wepesi wa malipo. Na akiisha kuhakikisha kuwa bidhaa zote zimewasili salama na bei zake ni sahihi, hulifungua duka kwa furaha. Baada ya majuma machache huona wageni wamepungua, ilhali bidhaa ni zile zile na bei ni zile zile. Mara nyingi taksiri haimo katika uzuri wala ubaya wa duka jipya, bali katika anwani za zamani zilizoachwa bila mrithi.

Larry Page na Sergey Brin, walipoasisi Google mwaka 1998, walijenga hesabu yao juu ya wazo kwamba kiungo kitokacho ukurasa mmoja kwenda mwingine ni ushahidi wa thamani ya ule unaoelekezewa. Ushahidi huo hulimbikizwa kwa miaka, na huwekwa kwa jina la anwani. Anwani ikibadilika pasipo taarifa, heshima yote hubaki mahali pasipo na mtu.

Mathalani, programu ya duka iitwayo WooCommerce kwa kawaida hutanguliza neno «product» mbele ya jina la bidhaa, na mwenzake Shopify hutanguliza «products», wala haimruhusu mwenye duka kulibadili. Basi ukurasa uliokuwa /product/kanga-kisutu huwa /products/kanga-kisutu. Kwa jicho la mwanadamu tofauti ni herufi moja. Kwa kompyuta hizo ni kurasa mbili zisizo na nasaba, na mteja aliyehifadhi kiungo cha kwanza hupokewa na namba 404, yaani ukurasa haupo. Hatari hii iliwakabili wenye maduka wengi Juni 2020, pale msaada rasmi wa programu ya duka ya Magento 1 ulipokoma wakalazimika kuhama.

Tadbiri yake yajulikana. Kabla ya kuhama, orodha ya anwani zote hukusanywa kutoka kumbukumbu za seva na kutoka Search Console ya Google, na kila moja hupewa mwenziwe katika duka jipya kwa agizo la 301, ambalo maana yake ni kuhama kwa kudumu; agizo la 302 hutangaza safari ya muda tu. Wako wanaoona uvivu wa kazi hiyo wakaelekeza anwani zote kwenye ukurasa wa mwanzo, lakini Google huweza kuzihesabu kuwa hazipo, na mteja aliyetaka kanga hujikuta mlangoni hajui pa kushika. Kadhalika maagizo hayo yasiondolewe upesi, kwa kuwa Google yenyewe hushauri yadumu angalau mwaka 1.

Hata hivyo, si kila upungufu ni wa anwani. Katika WordPress, programu ambayo WooCommerce hukaa juu yake, kuna kisanduku kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama duka linapojengwa faraghani, naye akisahau kuifuta, duka hufunguliwa huku likiwakataza wapita njia kulitaja. Tena yamkini wageni hawakupotea kamwe, ila kipande cha programu kinachowahesabu hakikuhamishwa. Fauka ya hayo, hata uhamisho uliofanywa kwa uangalifu huleta mtikisiko wa majuma kadhaa, mpaka Google imalize kuzizuru kurasa upya. Anayetaharuki akabadili kila kitu katika kipindi hicho hujiongezea msiba.

Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, alikwisha kuasa mwaka 1998 kwamba anwani njema ni ile isiyobadilika. Basi mwenye duka, kabla ya kumwuliza fundi wake duka jipya litapendeza namna gani, na amtake kwanza orodha ya anwani za zamani na pale kila moja itakapokwenda. Na fundi asiye na orodha hiyo asilipwe hata arubuni.