Je, Wajua? Maji ya Buguruni na Mali ya Wahisani
Mkazi wa Buguruni afunguapo bomba alfajiri, kabla ya ghasia za sokoni kuanza, ni nadra akumbuke kwamba sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, ambao chimbuko lake ni misitu ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Wala si wengi wajuao kwamba himaya ya misitu hiyo, mbali na fedha za Serikali, hutegemea pia mali iliyotengwa makusudi ili idumu. Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, uliosajiliwa mwaka 2001, ulipata rasilimali yake kwa wahisani wa nje, na kanuni yake yafanana na ya minazi iliyowekwa wakfu kwa msikiti: huangushwa nazi, mti haukatwi. Mtaji huwekezwa, na faida yake husaidia ulinzi wa misitu, utafiti, na miradi ya vijiji vya jirani.

Chumbe, kisiwa kilicho karibu na mji wa Unguja, kina utaratibu mwingine wa kugharimia uhifadhi. Tangu Serikali ya Zanzibar ilipoitangaza miamba yake kuwa hifadhi mwaka 1994, usimamizi umo mikononi mwa kampuni isiyotafuta faida, na malipo ya wageni ndiyo yalipayo mishahara ya walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi (uteuzi wa busara, kwa rai yangu), na kugharimia safari za wanafunzi, ambao wengi, ijapokuwa ni wazaliwa wa pwani, hawajapata kuyaona matumbawe kwa macho yao.