Nguvu Bila Nidhamu ni Kelele

Koplo mmoja, jirani yetu kambini, aliweka akiba ya mishahara kadhaa akanunua spika kubwa ya besi, ile iitwayo subwoofa, apate kuiunganisha na spika zake mbili za kawaida. Baada ya majuma mawili tu alikuwa akitafuta mnunuzi. Akiketi kitini, gitaa la besi halisikiki sawasawa. Akiongeza sauti, sajenti wa upande wa pili wa ukuta, atokaye lindo la usiku, hapati usingizi. Ugomvi ulikuwa umekwisha kuingia baina ya nyumba mbili.

Tulipomtembelea tuliona ya kwamba spika haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni nidhamu baina yake na wenzake.

Kwanza ni mahali. Subwoofa ilikuwa konani, imegusa ukuta wa jirani. Kona huikuza sauti nzito, lakini huikuza kwa fujo: mahali pengine chumbani inanguruma, na pengine hupotea kabisa. Tuliiweka kwa muda pale anapoketi koplo, tukapiga muziki, kisha tukazunguka chumba tumeinama. Pale besi iliposikika safi na sawa, mbali na ukuta wa sajenti, ndipo tulipoihamishia.

Pili ni mpaka wa kazi. Spika ndogo haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito, kama ile ya uzi mnene wa gitaa la besi, wenye mitetemo 41 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo kazi ya subwoofa. Lakini koplo alikuwa ameweka mpaka kwenye 150, na sauti ya mwanamume yaweza kushuka chini ya hapo. Kwa hiyo msoma habari alionekana kama anaongea toka konani. Tuliushusha mpaka hadi 80. Chini ya kiwango hicho ni vigumu kwa sikio kutambua sauti inatoka upande gani, na spika zote husikika kama kitu kimoja.

Tatu ni hatua. Sisi tuliopitia gwaride twajua ya kuwa kikosi kisipokwenda na ngoma, nguvu zote ni bure. Karibu na mpaka ule, subwoofa na spika ndogo hupiga sauti zile zile. Moja ikisukuma hewa wakati nyingine yaivuta, hufutana. Nyuma ya subwoofa mna swichi yenye alama 0 na 180. Koplo aliketi kitini, nasi tukaibadilisha huku na huku. Upande mmoja besi ilijaa ghafula, tukaiacha hapo.

Mwisho ni kiasi. Kwa kuwa spika hazikufutana tena, sauti ilipunguzwa karibu nusu ya alama za kitufe, na koplo akasikia zaidi ya awali.

Hata hivyo, sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na hakuna swichi ya kuizuia. Jioni ile koplo alibisha hodi kwa jirani yake. “Afande,” alisema, “nipe orodha ya zamu zako.” Sasa orodha hiyo imebandikwa juu ya amplifaya, na siku sajenti atokapo lindo, subwoofa huzimwa hadi adhuhuri. Spika haikuuzwa.