Kinywaji cha Safarini: Beba Chako Kutoka Nyumbani

   Leo tutaongea juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: kile ambacho wewe na mtoto wako mtakunywa mkiwa safarini.

Shule zikifungwa, au kukiwa na harusi au matanga, familia nyingi husafiri. Wengine huenda Nairobi kwa basi la usiku, kupitia Kapsabet au Kisumu na kisha Nakuru. Safari hiyo huchukua usiku karibu mzima. Wengine hushuka Luanda Kotieno na kuvuka Ziwa Victoria kwa feri hadi Mbita. Mama hufunga nguo, huweka mahindi na kuku wa kupeleka kwa jamaa, lakini kinywaji cha mtoto husema atakinunua njiani.

Hapo ndipo shida huanza. Nyumbani unajua maji yako yametoka wapi, nani aliyachemsha na kikombe kilioshwa vipi. Njiani hujui lolote kati ya hayo. Juisi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni inaweza kuwa imetengenezwa kwa maji ya mtaroni. Chupa ya maji inayouzwa dirishani inaweza kuwa imeokotwa na kujazwa tena. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu husafiri na vinywaji kama hivyo. Mwaka wa 2022 na 2023 kipindupindu kilizuka katika kaunti nyingi za Kenya. Na mtoto mdogo akianza kuhara ndani ya basi saa saba za usiku, mbali na hospitali, maji ya mwili wake huisha haraka kuliko ya mtu mzima. Kwa hivyo ujumbe wetu wa leo ni huu: kinywaji salama zaidi cha safarini ni kile ulichotayarisha mwenyewe, ukakifunga vizuri na kukitumia kwa wakati wake.

Mtoto wa chini ya miezi sita

Mama mwenye mtoto mchanga ndiye mwenye mzigo mwepesi kuliko wote. Kinywaji cha mtoto wake tayari anacho mwilini. Maziwa ya mama hayahitaji moto wala kikombe, na hayachachi yakiwa titini. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata kama basi lina joto namna gani. Maji yaliyomo kwenye maziwa ya mama yanamtosha. Mnyonyeshe mara kwa mara, kila anapotaka. Beba leso ya kujifunika ukiona haya, na uombe kiti cha dirishani upate nafasi.

Je, kama mtoto anasafiri na kukhu au shangazi, nawe umebaki kazini? Unaweza kukamua maziwa yako. Nawa mikono kwa sabuni, ukamulie kwenye chombo chenye kifuniko kilichooshwa na kuchemshwa. Maziwa hayo yakikaa mahali pasipo na joto kali, yatumike ndani ya saa nne. Ndani ya basi lenye joto yatumike mapema zaidi. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, na yanayobaki kikombeni yamwagwe. Safari ikizidi saa hizo, ni heri mtoto asafiri na mama yake.

Wako pia watoto ambao, kwa ushauri wa mhudumu wa afya, hutumia maziwa ya unga. Usiyakoroge nyumbani ukayabeba yakiwa tayari, kwa maana maziwa yaliyokorogwa yasipowekwa kwenye baridi hayafai baada ya saa mbili. Beba unga mkavu uliopimwa katika chombo safi kikavu, na maji ya moto sana katika thamosi. Korogea pale pale mtoto anapotaka kula, kisha upoze kabla ya kumpa. Maji yawe ya moto kweli, si ya vuguvugu, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, na maji ya moto ndiyo huviua. Thamosi ikiwa imepoa kufikia Nakuru, ingia hotelini uombe maji yanayotokota, uyaone kwa macho yako.

Mtoto wa miezi sita na zaidi

Huyu anaendelea kunyonya, lakini sasa anaweza kunywa maji, uji na maziwa. Haya ndiyo ya kubeba:

1. Maji safi. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, uyaache yaendelee kutokota kwa dakika moja au zaidi, kisha uyapoze yakiwa yamefunikwa. Ukitumia klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Angalia sana hapa: kipimo cha mtungi wa lita 20 si cha chupa ndogo ya safari. Tia dawa kwenye mtungi kwanza, ndipo ujaze chupa. Hata kama maji ni ya chemchemi iliyojengewa vizuri au ya mfereji, yatibu. Maji ya mto Isiukhu usimpe mtoto bila kuyatibu, hata yakionekana meupe.

2. Uji wa wimbi. Ni chakula na ni kinywaji. Utie ukiwa wa moto kabisa katika thamosi iliyosuuzwa kwa maji yanayotokota. Uji ukibaki moto, vijidudu haviwezi kuzaana. Ukipoa na kuwa vuguvugu, huwa kama shamba lenye rutuba kwao. Kwa hivyo fungua thamosi, mimina kiasi cha kumtosha mtoto, kisha funga mara moja. Usirudishe mabaki ndani. Ukiona uji umepoa, usiutunze mpaka asubuhi.

3. Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Yachemshe, uyabebe ya moto vivyo hivyo. Yale ya pakiti yaliyotengenezwa kukaa bila friji ni rahisi zaidi kwa safari, lakini pakiti ikishafunguliwa inywewe yote wakati huo huo.

Soda si kinywaji cha mtoto mdogo. Ina sukari nyingi, na mtoto anayehara humzidishia kuhara. Chai nayo huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa chakula, na madini hayo ndiyo hujenga damu. Pombe, hata kijiko kimoja cha busaa, ni sumu kwa mtoto. Vile vile usimpe dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale njiani. Dawa hizo zinaweza kumfanya ashindwe kupumua vizuri.

Chombo cha kubebea

Maji masafi katika chombo kichafu ni kazi bure. Chagua chupa yenye mdomo unaoweza kuingiza brashi, yenye kifuniko kinachofunga. Ioshe kwa sabuni, isuuze na uianike mdomo ukiangalia chini. Kila mtoto awe na kikombe chake. Chupa za chuchu ni ngumu kusafishwa, hasa safarini. Kikombe ni bora, hata kwa mtoto mchanga.

Kamwe usitumie chupa iliyowahi kuwa na dawa ya mifugo, dawa ya shamba au mafuta taa. Harufu inaweza kwisha na sumu ikabaki. Na usibebe mafuta taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma, yeye huona chupa anayoijua na kunywa. Ikitokea hivyo, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa nguvu. Mkimbize hospitalini mara moja, na uibebe ile chupa. Mafuta hayo yakipanda tena wakati wa kutapika huingia kwenye mapafu.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na chupa ya kujaza tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020, serikali ya Kenya ilipiga marufuku vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Msitu wetu wa Kakamega ni mmoja wao. Mtoto wako akienda kule kutembea na shule, mpe maji ya nyumbani katika chupa ya kudumu. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, pakia vinywaji vyako kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Mama naye anywe

Akina mama wengi hujinyima maji tangu mchana ili wasimsumbue dereva awasimamishie. Mama, usifanye hivyo. Ukinyonyesha, mwili wako unahitaji maji zaidi. Ukiwa mjamzito, kukosa maji na kubana mkojo huleta maumivu ya kichwa, kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa kidogo kidogo njia nzima. Enda haja kabla ya kupanda, na ushuke kila basi linaposimama. Mwambie kondakta mapema kwamba una mtoto au una mimba. Hilo si jambo la kuona haya.

Ukivuka ziwa kwa feri au mashua, maji yamekuzunguka pande zote, lakini hayo si ya kunywa. Watu huoga humo, mifugo hunywa humo, na uchafu wa miji huteremkia humo. Usichote kwa kikombe hata mtoto akilia kiu. Ndiyo maana tunasema, beba yako.

Je, ukipewa kinywaji na jirani uliyeketi naye? Mshukuru kwa upole, umwambie unacho chako. Wasafiri wengi katika nchi yetu wamelazwa usingizi kwa soda, biskuti au peremende zilizotiwa dawa, wakaamka bila mizigo. Mama akilala usingizi wa namna hiyo, mtoto wake atalindwa na nani? Ukiwa na chupa yako, kukataa huwa rahisi.

Mtoto akihara njiani

Kabla ya kusafiri, pitia kituo cha afya au duka la dawa upate pakiti mbili za ORS, yaani ile chumvi yenye sukari ya kurudisha maji mwilini. Soma pakiti uone inataka maji kiasi gani. Zingine ni za nusu lita, zingine za lita moja. Beba chupa unayojua kipimo chake. Koroga kwa maji safi, usiongeze chumvi wala sukari, na dawa iliyokorogwa isipite saa 24.

Kila mara mtoto anapohara, mpe hivi: wa chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uendelee polepole. Usiache kumnyonyesha. Mkifika, mpeleke kituo cha afya apewe pia vidonge vya zinki, ambavyo hutumiwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Lakini usingoje kufika uonapo dalili hizi: mtoto amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, kuna damu kwenye choo, au amepata degedege. Mwambie dereva asimame katika mji wa karibu wenye hospitali. Nauli hupatikana tena, mtoto hapatikani tena.

Tukumbushane

Kabla ya kwenda steji, hesabu vitu hivi: maji yaliyotibiwa, kikombe cha mtoto, thamosi ya uji, pakiti za ORS, na kipande cha sabuni cha kunawia kabla ya kumlisha mtoto na baada ya choo. Mzigo huo haupiti kikapu kimoja. Maji yakiisha ukalazimika kununua, nunua chupa ambayo muhuri wake haujavunjwa, uusikie ukikatika mikononi mwako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni vinywaji gani huuzwa steji yetu, na vipi unaweza kujua vilivyo salama?
2. Kwa nini mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji hata katika joto?
3. Nani kati yetu ana ORS nyumbani leo? Pakiti yake inataka maji kiasi gani?

Kinga ni bora kuliko tiba.